Rotaveta au Slasha ya Upana Gani Inafaa Trekta Yako? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya, kuhusu rotaveta ya kusaga udongo na slasha ya kufyeka nyasi, ni ya watu wanaopita karakanani kwetu Industrial Area, Nairobi, hasa Februari na Septemba, wiki chache kabla ya masika na vuli. Wengi huja na bajeti mkononi na picha ya mashine kwenye simu. Wachache mno huja na vipimo. Soma angalau maswali ya 3, 4 na 5 kabla hujalipa hata senti ya amana.

MAMBO YA MSINGI

1. Rotaveta ni nini hasa, na inatofautianaje na plau ya diski?

Plau ya diski huvutwa tu. Trekta hutembea, diski hukata udongo na kuupindua. Rotaveta huzungushwa na PTO, yaani ule mhimili mfupi wenye meno unaochomoza nyuma ya trekta. Visu vilivyofungwa kwenye rota, yaani mhimili wake unaozunguka, huchapa udongo na kuusaga hadi ukawa laini wa kupandia.

Tofauti hiyo ndiyo msingi wa maswali yote yanayofuata. Plau inategemea uzito wa trekta na mshiko wa tairi. Rotaveta inategemea nguvu inayofika kwenye mhimili wa PTO. Trekta inayovuta plau ya diski tatu bila shida yaweza kulemewa na rotaveta iliyozidi upana kwa futi moja tu.

2. Nikichukua pana zaidi, si nitamaliza shamba haraka?

Nami niliwaza hivyo. Trekta ya hospawa (nguvu za farasi) 50, rotaveta ya mita 2.1, shamba la Kitengela siku mbili baada ya mvua ya kwanza. Kila nikisogea hatua kumi sauti ya injini inazama, moshi mweusi unapanda, nakanyaga klachi, nainua mashine, naanza upya. Kufikia saa nane mchana sikuwa nimefikisha hata nusu ekari, na giaboksi ya rotaveta ilikuwa na joto ambalo tone la maji lilikauka papo hapo. Jirani alikuwa na trekta ya nguvu ileile na rotaveta ya mita 1.25. Alimaliza ekari yake akaenda kula.

Upana hukupa kasi pale tu injini inapoweza kushikilia mizunguko yake. Mizunguko ikishuka, visu vinararua badala ya kusaga, mabonge yanabaki, na unalazimika kupita mara ya pili. Hesabu ya ekari kwa saa iko swali la 7.

3. Boneti ya trekta yangu imeandikwa 50. Hizo 50 ndizo ninazopata shambani?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wa Nairobi wanapopotea.

Kwanza, hospawa za boneti ni za injini. Kabla ya nguvu kufika kwenye PTO, sehemu yake huliwa na gia, pampu ya haidroliki na mengineyo. Kinachofika kwa kawaida ni asilimia 85 hadi 90.

Pili, tuko juu. Nairobi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini ya dizeli isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda kutoka usawa wa bahari. Ukifika Nairobi umeshapoteza karibu asilimia 17. Kule Kinangop, kunakozidi mita 2,400, hasara inakaribia robo nzima.

Chukua ile injini ya 50. Ondoa asilimia 17, zinabaki 41 na kidogo. Toa tena kinacholiwa njiani, kwenye PTO unapata kama 36. Hiyo 36 ndiyo namba ya kununulia. Jedwali la kiwandani linalosema "hospawa 50, rotaveta ya futi 6" huenda ni la kweli kwa shamba la tambarare karibu na bahari. Mwandishi wake hakuwa anafikiria Limuru.

Injini yenye tabo haiumii hivyo, kwa sababu tabo husukuma hewa ndani kwa nguvu. Ukifungua boneti ukaona kile kikonokono cha chuma pembeni ya injini, kilichoungana na bomba la moshi, tumia asilimia 85 hadi 90 peke yake na usahau mwinuko.

KUPIMA NA KUCHAGUA UPANA

4. Nipime nini kabla ya kuja dukani?

Njoo na vitu vitano. Upana wa tairi za nyuma, kutoka ukingo wa nje wa kushoto hadi ukingo wa nje wa kulia. Hospawa za injini, na kama ina tabo. Unene wa pini za mikono ya nyuma inayobeba mashine. Idadi ya meno kwenye mhimili wa PTO. Na konzi ya udongo wa shamba lako kwenye mfuko wa plastiki. Watu wanacheka hilo la mwisho, lakini mimi huufinyanga pale kaunta kwa maji kidogo. Ukiviringika ukawa kamba nyembamba isiyokatika, najua mara moja tutashuka saizi.

Upana wa tairi upime trekta ikiwa imesimama pasawa. Funga uzi wenye uzito ukingo wa kila tairi, weka alama ya chaki sakafuni, kisha pima kati ya alama. Tepu ikipitishwa juu ya tairi hupinda na kukudanganya sentimita kadhaa.

5. Nahitaji hospawa ngapi kwa kila mita ya rotaveta?

Hiki ndicho kipimo ninachotumia, kwa hospawa za PTO zilizokwisha kukokotolewa kama kwenye swali la 3. Udongo mwekundu wa Kiambu au Kabete, uliokwisha kulimwa na plau: 20 hadi 22 kwa mita. Udongo huohuo ukiwa haujaguswa tangu msimu uliopita: 25. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa Kitengela, Athi River au Embakasi: 28 hadi 30, na ukiwa mbichi hata hizo hazitoshi.

Kwa trekta yetu yenye 36 kwenye PTO, udongo mwekundu unakubali mita 1.5 na akiba kidogo inabaki. Udongo mweusi unakubali 1.25. Trekta ya hospawa 75 isiyo na tabo, ambazo ni nyingi sana nchini, huleta karibu 54 kwenye PTO hapa Nairobi. Hiyo ni mita 2 kwenye udongo mwekundu uliokwisha kulimwa na 1.75 kwenye mweusi, japo kwenye mweusi utaenda taratibu.

Acha akiba kila mara. Shamba lina kona ngumu, lina kichuguu cha zamani, lina mahali ng'ombe walikuwa wakilala. Mashine iliyokokotolewa kwa ukingo kabisa itakwama hapo.

6. Rotaveta ninayoweza kuzungusha ni nyembamba kuliko tairi zangu. Nifanyeje?

Swali zuri, maana sheria mbili zinagongana. Nguvu inasema chukua ndogo. Tairi zinataka mashine pana inayofuta nyayo zao. Tairi ikikanyaga udongo uliokwisha kusagwa, inauacha na mfereji uliogandamizwa ambao mvua ya kwanza itaugeuza kijito.

Jaribu kwanza kusogeza tairi ndani. Matrekta mengi yana rimu zinazoweza kugeuzwa au kufungwa upande mwingine ili upana upungue. Ni kazi ya asubuhi moja kwa fundi mwenye jeki nzuri. Isipotosha, tafuta rotaveta inayosogezwa pembeni. Mashine hiyo haikai katikati, huegemea upande mmoja ili ifute angalau nyayo ya tairi moja, na tairi ya pili hupita mahali ambapo bado hapajasagwa. Unalima kwa kuzunguka upande mmoja na hakuna nyayo inayobaki.

Usitatue tatizo hili kwa kununua mashine pana zaidi. Tukilazimika kuchagua kati ya nyayo moja ya tairi na giaboksi iliyoungua, tunachagua nyayo.

7. Nitalima ekari ngapi kwa saa?

Zidisha upana kwa mita na mwendo kwa kilomita kwa saa, gawanya kwa 10, upate hekta kwa saa. Kisha punguza moja ya tano kwa ajili ya kugeuka na kusimama.

Rotaveta ya mita 1.5 ikienda kilomita 4 kwa saa: 1.5 mara 4 ni 6, gawanya kwa 10 ni 0.6, punguza unabaki na 0.48 ya hekta. Hiyo ni ekari moja na robo hivi. Sasa ile ya mita 2.1 inayolemewa na kutambaa kilomita 2 kwa saa haifikishi hata 0.34 ya hekta, na hapo sijatoa muda wa kukwama.

KUUNGANISHA NA TREKTA

8. Kategoria ya 1 na ya 2 maana yake nini? Nitajuaje yangu?

Ni ukubwa wa viungo vitatu vya nyuma: mikono miwili ya chini na toplinki, yaani mkono wa juu. Mfumo huo wa viungo vitatu ulienezwa na Harry Ferguson, mtu wa Ireland, na mpaka leo trekta karibu zote huutumia. Kategoria ya 1 ina pini za chini zenye unene wa milimita 22 na ya juu milimita 19. Kategoria ya 2 ina milimita 28 na nusu chini, 25 na kidogo juu. Zile za hospawa chini ya 45 hivi huwa na ya kwanza, na kubwa zaidi huwa na ya pili; kati ya 40 na 50 utakuta zote.

Pini nyembamba kwenye tundu kubwa huingia, ndiyo maana watu huipuuza. Siku ya pili tundu limekuwa yai. Bushi za kupunguzia tundu zinapatikana Kirinyaga Road kwa bei ndogo, nunua seti mbili.

9. Rotaveta imeandikwa 540. PTO yangu ina 540 na 1000. Nitumie ipi?

540, bila mjadala. Hiyo ni mizunguko kwa dakika. Mhimili wa 540 una meno 6 na unene wa milimita 35. Wa 1000 wenye unene huohuo una meno 21. Kama trekta ina kitufe cha kuchagua, hakikisha kila asubuhi kiko wapi, maana kuzungusha mashine ya 540 kwa 1000 ni karibu mara mbili ya kasi yake na visu vinaweza kuruka. Tembeza injini kwenye alama ya 540 ya mita ya mizunguko. Kupunguza ili kuokoa dizeli huwa kunakula dizeli zaidi, kwa sababu utarudia shamba.

10. Propela, yaani mhimili unaounganisha PTO na mashine, ni ndefu kuliko nafasi iliyopo. Niikate?

Ndiyo, ila pima kwanza. Inua na ushushe mashine pole pole, injini ikiwa imezimwa, utafute mahali ambapo mhimili wa trekta na wa rotaveta viko karibu zaidi. Hapo propela isigonge mwisho, iache sentimita mbili au tatu. Kisha tafuta mahali vilipo mbali zaidi. Hapo mabomba mawili bado yapishane kwa theluthi moja ya urefu wake au zaidi. Ukikata, kata mabomba yote mawili na vifuniko vyake vya plastiki kwa kiasi kilekile, piga faili kingo, paka grisi.

Na kuhusu vifuniko: vibaki. Tafadhali. Mhimili wa 540 huzunguka mara tisa kila sekunde. Kitambaa cha leso, mkono wa koti, kamba ya buti, vyote huvutwa kabla mtu hajatamka neno. Nimeona koti tupu likiwa limejisokota kwenye propela kama uzi kwenye kibiringo, na mwenyewe akitetemeka kando kwa kuwa vifungo vilikatika. Mtoto asisogee kabisa.

11. Nikiinua rotaveta, mbele ya trekta inakuwa nyepesi na usukani haushiki. Ni kawaida?

Ni dalili kwamba mashine ni nzito kupita trekta, au haina uzito wa kutosha mbele. Kipimo cha kawaida ni kwamba angalau asilimia 20 ya uzito wa trekta ibaki juu ya tairi za mbele mashine ikiwa imeinuliwa. Funga vyuma vya uzito mbele. Ukilazimika kujaza vyote vinavyoingia na bado usukani unaelea, jua upana ulikosewa tangu mwanzo. Kwenye miteremko ya Gatundu au Tigoni jambo hili si la kuahirisha hadi kesho.

UDONGO

12. Nina shamba Kitengela na lingine Limuru. Ninunue kwa lipi?

Kokotoa yote mawili, uchukue jibu dogo. Kitengela iko chini kidogo, kwa hiyo injini ina pumzi, lakini udongo ni mzito. Limuru iko kama mita 2,200, udongo ni mwepesi, ila injini imepoteza zaidi ya asilimia 20. Mara nyingi majibu yanakaribiana, na watu hushangaa.

Kwenye udongo mweusi, muda una uzito kuliko saizi. Ukiwa mkavu ni tofali, ukiloa unajifunga kwenye rota kama ugali kwenye mwiko. Kuna siku chache katikati ambapo bonge likibanwa kwa vidole linavunjika bila kunata. Siku hizo fanya kazi hadi taa za trekta ziwake.

13. Shamba lina mawe yaliyofichika. Nichague vipi?

Chukua mashine nyembamba yenye fremu nzito, na propela yenye klachi ya kuteleza, inayoteleza jiwe likigonga. Propela nyingi za bei nafuu zina bolti ya kukatika: jiwe likigonga, bolti inakatika na giaboksi inaokoka. Inafanya kazi, mradi usibadilishe kwa bolti ngumu zaidi. Dereva aliyechoka kubadilisha bolti ataweka kipande cha chuma kigumu, na jiwe linalofuata litakula gia. Weka bolti kumi za aina sahihi kwenye kisanduku cha trekta.

SLASHA

14. Slasha ya kukata nyasi huchaguliwa kwa hesabu ileile?

Njia ni ileile, namba ni ndogo. Nyasi za kawaida zinahitaji kama hospawa 16 za PTO kwa mita. Vichaka na matete, zidisha mara mbili. Trekta yetu ya 36 inabeba slasha ya mita 1.5 kwa raha, hata 1.8 kwenye nyasi fupi. Nyayo za tairi pia ni muhimu, kwa sababu nyasi zilizolazwa na tairi husimama tena jioni zikiwa hazijakatwa.

15. Trekta yangu ni ya zamani. Nikikanyaga klachi slasha inaisukuma mbele. Ina hitilafu?

Ndivyo zilivyo zile zenye klachi moja kwa gia na PTO. Visu vya slasha ni vizito, vikishika kasi havisimami mara moja. Vinaendelea kuzungusha mhimili, na mhimili unasukuma trekta. Nunua kiungo cha kuzunguka upande mmoja, kinachofungwa kati ya mhimili na propela. Usikate nyasi karibu na ukuta au mtaro kabla hujakipata.

16. Slasha inafaa uwanja wa mpira?

Kwa kufyeka kabla ya msimu, ndiyo. Kwa kuchezea, hapana, hukata kwa mawimbi. Uwanja unataka mashine ya kukata nyasi fupi, yenye visu kadhaa na magurudumu yake.

MITUMBA NA HALI ZA PEKEE

17. Ninakaguaje rotaveta iliyotumika?

Shika mhimili wake wa kuingizia nguvu kwa mikono miwili, uutikise juu na chini. Ukicheza, beringi zimekwisha. Fungua kizibo cha mafuta cha giaboksi, chovya kidole, sugua kati ya kidole gumba na cha shahada kwenye jua. Chembe zinazometameta ni gia zinazojila. Mafuta ya rangi ya maziwa yana maji. Nusa pia, mafuta yaliyoungua hayajifichi.

Kisha angalia kisanduku cha ubavuni kinachoendesha rota. Cha gia hudumu kuliko cha mnyororo. Visu vikiwa vyembamba usijali sana, hivyo hubadilishwa. Weldi mpya kwenye fremu, iliyopakwa rangi jana, iulize maswali.

18. Trekta ndogo za Kijapani zinakuja na rotaveta pana. Mbona zinaweza?

Nyingi ni za hospawa 15 hadi 25, na zilitengenezwa kwa mashamba ya mpunga, udongo laini uliojaa maji unaolimwa kila mwaka. Visu vyake ni vyembamba, rota ni nyepesi. Kwa bustani au kitalu cha mwekundu uliolegea, ni mashine za kupendeza. Ziingize kwenye udongo mweusi mkavu na hesabu ya swali la 5 itarudi palepale. Angalia pia viungo: nyingi hazifuati kategoria za swali la 8, kwa hiyo mashine nyingine haitaingia bila kuchomelea.

19. Ndugu yangu yuko Kanada, anachagua mashine ya kutupa theluji kwa trekta yake. Hesabu hii itamsaidia?

Kwa kiasi kikubwa. Mashine ile nayo huzungushwa na PTO. Ile ya hatua mbili ina parafujo inayokusanya theluji na feni inayoirusha kupitia bomba. Upana ufute nyayo za tairi, la sivyo trekta itapanda juu ya theluji iliyobaki. Theluji iliyoloa ndiyo udongo mweusi wao: nzito, inaziba bomba feni ikipoteza kasi. Achague kwa hiyo, wala si kwa theluji kavu inayopeperuka. Na ahakikishe trekta ina gia ya kutambaa, kwa maana mashine pana kwenye mwendo mkubwa hukusanya zaidi ya inavyoweza kurusha. Mwinuko ataukokotoa kwa mji wake.

20. Nimeshanunua kubwa kupita kiasi. Sasa?

Usikate fremu, rota ikipoteza ulinganifu wake itatikisa beringi hadi zife. Fanya haya kwanza: pitisha plau kabla ya rotaveta, shusha gia ya mwendo hadi ya chini kabisa, na saga sentimita 8 kwenye mpito wa kwanza kisha 15 kwenye wa pili. Kama giaboksi ya rotaveta ina gia za kubadilisha, fundi aweke ile inayozungusha rota polepole zaidi. Wengi huvuka msimu hivyo.

Ikibaki kulemewa, ibadilishe mapema. Rotaveta ya msimu mmoja yenye giaboksi nzima hupata mwenye trekta kubwa upesi, hasa wiki hizi za kabla ya mvua. Ikishaungua, utaiuza kwa kilo.